Kisu cha Vipande Vitano

Kisu cha kukunja cha Opinel, namba 8, kina vipande vitano tu: bapa la chuma, mpini wa mti, ribiti moja inayoviunganisha, na pete mbili shingoni, moja imekazwa na nyingine inazunguka. Hakuna springi wala skrubu. Kikifungwa kina urefu wa sentimita 11, na uzito wake haufiki gramu 50, kwa hiyo mtu anaweza kushinda nacho mfukoni mwa shati akasahau kwamba amekibeba. Huko Ufaransa kinakotengenezwa, bei yake haiko mbali na ya chakula cha mchana katika mkahawa wa kawaida. Ukikitunza kitakaa nawe hadi watoto waanze kukiulizia.

Bei ndogo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza tunaifahamu sana, maana masoko yetu yamejaa mifano yake: kiwanda kinachukua kisu cha gharama, kinaiga sura yake, kisha kinapunguza kila mahali ambapo mnunuzi hatatazama. Chuma kinakuwa laini, springi inalegea baada ya mwezi, mpini ni plastiki iliyotiwa michirizi ya mbao. Kinang'aa dukani, kinafia jikoni. Njia ya pili ni ngumu zaidi: kujiuliza kisu kinahitaji nini hasa ili kikate, kutoa fedha hapo, na kuacha mengine yote. Opinel kilipatikana kwa njia hii ya pili, na ndiyo sababu kinastahili kutazamwa kwa subira, pamoja na kasoro zake, ambazo si chache. Kila nikikitazama naona kwamba kasoro hizo zinatoka mahali palepale panapotoka sifa zake. Ukimwomba fundi aondoe kasoro moja, ataondoka na sifa yake.

Kilianzia katika bonde la Maurienne, huko Savoie, milimani mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Italia. Ukoo wa Opinel ulikuwa wa wahunzi wa zana za makali, mashoka na mundu za kupogolea miti. Joseph Opinel, aliyezaliwa 1872, alikuwa kijana wa mashine kuliko wa nyundo. Alijitengenezea hata kamera na kupiga picha za harusi. Muda wake wa mapumziko aliutumia kuwatengenezea rafiki zake visu vidogo vya mfukoni, jambo ambalo baba yake, Daniel, hakuliunga mkono. Mwaka 1890, akiwa na miaka 18, alipata umbo ambalo mpaka leo halijabadilika sana. Mwaka 1897 alivipanga visu vyake kwa ukubwa, kuanzia namba 1 hadi namba 12. Namba 1 ilikuwa ndogo mno kwa kazi yoyote ya maana, na namba 11 ilibanwa katikati ya 10 na 12 bila sababu ya kuwapo, kwa hiyo zote mbili ziliondolewa katika miaka ya 1930. Namba 8 ndiyo watu wengi wanayoichukua: bapa la sentimita 8.5, linalotosha mkate na nyama bila kumtisha aliyekaa meza ya jirani.

Kwenye bapa umepigwa muhuri wa mkono wenye vidole vya kubariki, na juu yake taji. Mfalme Charles IX wa Ufaransa aliamuru mwaka 1565 kwamba kila bingwa wa kutengeneza visu aweke alama yake juu ya kazi yake, na Joseph, karne tatu baadaye, aliiheshimu desturi hiyo. Mkono ni wa Yohana Mbatizaji, kwa kuwa kanisa kuu la mji wa Saint-Jean-de-Maurienne linahifadhi masalia yanayosemwa kuwa ya vidole vyake. Taji ni la watawala wa Savoie, nchi iliyoingizwa Ufaransa mwaka 1860 tu. Napenda kwamba kisu cha bei hii kinabeba historia yote hiyo katika alama isiyozidi ukucha wa kidole kidogo.

Sasa tuje kwenye bapa lenyewe, maana kisu ni bapa, mengine ni namna ya kulishika. Mgongoni lina unene usiofika milimita mbili. Visu vingi vya kukunja vya siku hizi, hasa vile vinavyotangazwa kwa picha za makomandoo, vina bapa la milimita tatu au zaidi, na mnunuzi huufurahia unene huo akiuona ndio uimara. Ni uimara kweli, ila kwa kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya kwa kisu cha mfukoni. Kata karoti kwa bapa nene: makali yanaingia kidogo, kisha mabega ya chuma yanafika na kuipasua karoti kabla haijakatika. Bapa jembamba linapita tu.

Kuna jambo jingine linalohitaji mwanga mzuri kulionea. Pande za bapa hilo hazikunyooka kama za kabari. Zina uvimbe mdogo sana, zinajipinda polepole kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Laza rula juu yake, elekeza dirishani, na utaona mwanga ukipenya juu na chini ya mahali rula inapogusa. Uvimbe huo unakipa chuma chembamba nguvu kidogo karibu na makali, na unapunguza eneo ambalo kipande cha nyanya au cha kiazi kinaweza kugandia. Ncha nayo imeinuliwa kidogo kwa mtindo wa yatagani, upanga wa Waturuki, kwa hiyo iko juu ya mstari wa mkono na inafaa kutoboa na kuchokoa. Yote haya yanafanyika kwa kukata bamba la chuma, kulikaza kwa moto na kulisaga. Hakuna pambo linalohitaji saa ya mtu. Saa zote zilishatumika zamani, wakati wa kutafuta umbo.

Chuma kipo cha aina mbili, na hapa mtu wa pwani lazima atulie kabla ya kulipa. Aina ya kwanza ni feleji ya kaboni, yenye kaboni karibu asilimia 0.9. Hiyo inanoleka haraka na inapokea makali mazuri mno, makali ya kukata karatasi ikiwa imening'inizwa kwa vidole viwili. Aina ya pili imechanganywa na kromu, zaidi ya asilimia 13, na haishiki kutu ovyo. Mafundi wengi na wapenzi wa visu wanasifu ya kwanza, na wana haki. Lakini wengi wa wanaoandika sifa hizo wanaishi mahali ambapo hewa haina chumvi.

Kata ndimu kwa bapa la kaboni, liache juu ya meza bila kulifuta, urudi baada ya dakika chache. Litakuwa limegeuka la kijivu, na mahali fulani lina madoa ya buluu kama ya mafuta majini. Rangi hiyo ni tabaka jembamba la oksidi, na kwa kiasi fulani inazuia kutu nyekundu ile mbaya inayokula chuma. Wapo wanaoitafuta kwa makusudi, wanalipaka bapa jipya siki au wanalichomeka ndani ya kiazi. Sina ugomvi na rangi hiyo, tena naiona nzuri. Ugomvi wangu ni na embe. Embe bichi linalokatwa kwa kaboni mpya linapata mpaka mweusi na ladha ya msumari, na mgeni uliyemkaribisha hataelewa hadithi ya oksidi. Halafu kuna hewa yenyewe ya Tanga, Mombasa au Unguja. Kisu cha kaboni kikilala kimelowa usiku mmoja wa masika, asubuhi kina vipele vyekundu shingoni, hasa pale bapa linapoingia kwenye mti, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kwa hiyo ushauri wangu hauna mashairi: pwani nunua cha kromu. Aliyeko Njombe, Arusha au Nairobi, ambako hewa haina chumvi, na ambaye ana tabia ya kufuta vyombo vyake, anaweza kujipatia raha ya kaboni.

Kunoa ni kazi rahisi kwa aina zote mbili, na hii ni moja ya sababu kubwa za kukipendelea. Chuma chembamba kina kazi ndogo ya kuondoa. Kinoo cha kawaida cha dukani kinatosha. Kikikosekana, pindua kikombe cha kauri, utumie ule ukingo wa chini usiopakwa rangi, kama wanavyofanya mama zetu jikoni tangu zamani, kisha maliza kwa kulipitisha bapa mara kadhaa juu ya ngozi ya mkanda, mgongo ukitangulia. Kuna kosa moja la kuepuka. Mtu aliyezoea panga hulaza bapa kwenye jiwe na kulisugua lote hadi linyooke, na kwa kufanya hivyo anaufuta ule uvimbe niliousifu. Inua mgongo kidogo tu, shughulika na ukingo. Na usishangae kisu kipya kikifika kikiwa na makali ya wastani. Hapo kiwanda kimeokoa senti zake, kimekuachia dakika kadhaa za kazi, na mimi naona ni mapatano ya haki.

Mpini ni wa mti uitwao biichi, mti wa misitu ya baridi ya Ulaya: mgumu kiasi, wenye nyuzi za karibu, usio na harufu wala rangi inayochuja. Zamani walitumia pia miti ya matunda. Ukiushika unaona hauna vijishimo vya vidole, mapambo ya michoro, wala raba. Ni duara lililopanuka kidogo tumboni kisha likakatwa mshazari mkiani. Wabunifu wa siku hizi hupenda kuchonga mahali pa kila kidole, na matokeo yake ni mpini unaokubali mshiko mmoja tu na kuukataa mwingine wowote. Mtazame mtu anayemenya chungwa kwa mzunguko, ganda likishuka kama utepe bila kukatika. Mkono wake unabadilisha mshiko kila nukta; kidole gumba kinatoka mgongoni, kinahamia kwenye tunda, kisu kinajizungusha kiganjani. Mpini wa mviringo unamruhusu. Mpini wenye vijishimo ungekuwa unambishia.

Ni mpini huu, kwa hakika, uliomfanya Joseph kuwa mtu wa kiwanda. Bapa hata wahunzi wa kijijini wangeweza kulitoa kwa wingi kiasi fulani, lakini kuchonga mti mmojammoja kwa mkono kungekifanya kisu kiwe ghali kuliko mteja wake, ambaye alikuwa mkulima, mchuuzi, mfanyakazi wa reli. Akabuni mashine ya kuchongea mipini. Kipande cha mti kinazungushwa na kuchongwa umbo, kisha msumeno wa duara unapasua mfereji wa kulazia bapa, ukiishia kabla ya kufika mkiani. Mti mmoja mzima, wala si mbao mbili zilizoshonwa pamoja kama ilivyo kwa visu vingi vya mfukoni. Hapo ndipo vipande vilipopungua. Kisu cha mbao mbili kinahitaji kiunzi cha chuma ndani, springi ya mgongoni, na ribiti za kutosha kushikilia vyote. Hiki kinahitaji mfereji na ribiti moja.

Fundi seremala mmoja mzee wa Tanga aliwahi kukigeuza-geuza kisu changu, akakifungua na kukifunga, kisha akauliza, "Hakina springi, mwanangu. Sasa kinachokishika ni nini?" Ni swali la mtu anayejua kazi. Jibu ni kwamba kinashikwa na mti wenyewe. Kuta mbili za ule mfereji zinalibana bapa shingoni, na pete ya ndani inazuia kuta hizo zisitanuke. Msuguano huo ndio springi yake. Mzee alitikisa kichwa akasema, "Basi masika itakutesa." Hakuwa ameambiwa na mtu.

Na kweli masika inatesa. Mti ukinywa unyevu unavimba, mfereji unajibana, na bapa linagoma kutoka, kama mlango wa mbao usiofungika wakati wa mvua. Ukikiosha kisu kwa kukitumbukiza kwenye karai pamoja na vijiko, ndiyo umekiua kwa siku mbili. Ule ufa wa kuingizia ukucha kwenye bapa unakuwa mapambo; ukucha utavunjika kabla. Wanaokinunua kwa mara ya kwanza hukasirika hapa, na baadhi hukitupa kwenye droo. Kiangazi nacho kina yake: mti ukikauka sana bapa linalegea, na kisu kinafunguka kwa urahisi usiopendeza.

Watu wa Savoie, wenye theluji na mvua zao, walilijua tatizo hilo kabla yetu, na dawa yao imekuwa mtindo wenye jina, pigo la Msavoie. Zungusha pete iwe wazi, shika mpini ufunguzi wa mfereji ukiangalia juu, kisha gonga kile kisigino kilichokatwa mshazari juu ya meza au jiwe. Ncha ya bapa inaruka nje, unaishika pande zake kwa vidole viwili na kufungua. Ukitazama vizuri utaona mkato ule wa mkiani, ambao huenda uliudhania pambo, unafaa sana kwa pigo hilo. Mimi nina dawa nyingine ya polepole: kausha kisu siku kadhaa ndani ya nyumba, kisha upake mti mafuta ya kitani, ndani ya mfereji zaidi kuliko nje, uyaache yanywewe na kukauka, urudie. Mafuta ya nazi yanalainisha lakini hayakauki, kwa hiyo yanafaa shingoni tu, tone moja. Kisu kilichonyweshwa kitani hakikomi kuvimba kabisa. Kinavimba kwa adabu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kiwanda kisitumie plastiki mambo yaishe, na kwa kweli kipo cha plastiki, kwa ajili ya mabaharia na wapanda milima. Ni kizuri. Lakini ukikishika unagundua kwamba ule mbano laini wa mti juu ya chuma, kufunguka kwa ukinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho, haupo tena kwa namna ileile. Mti unaovimba ndio uleule unaobana vizuri.

Kwa miaka 65 ya kwanza kisu hiki hakikuwa na kifungo chochote. Kilitegemea mbano wa mti na akili za mwenye nacho. Ukichomeka ncha mahali pagumu ukasukuma, bapa lingeweza kujikunja juu ya vidole, na bila shaka wapo waliopoteza ngozi hivyo. Mwaka 1955 Marcel Opinel, mwana wa Joseph, alileta pete ya nje, waliyoipa jina la Virobloc. Sioni mahali pengine katika kisu hiki panapostahili kutazamwa muda mrefu kuliko hapa. Ni kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa kuwa pete yenye mwanya. Mwanya ukiwa mbele ya mfereji, bapa linapita. Ukiizungusha, ukuta wa pete unakaa nyuma ya kisigino cha bapa na kulizuia lisirudi. Na kwa kuwa pete imechongoka kidogo, kadiri unavyoizungusha inakaza zaidi. Kwa hiyo hata mti ukisinyaa au chuma kikilika kwa miaka, kifungo kinazidi tu kusogea mbele kidogo na kushika. Kipuri kinachojirekebisha chenyewe kwa ajili ya uzee wake, bila sehemu ya ziada! Mwaka 2000 waliiboresha ili iweze pia kulifunga bapa likiwa ndani, lisije likafunguka mfukoni.

Ina ubaya wake. Inahitaji mikono miwili na nia. Mvuvi aliyeshika kamba kwa mkono wa kushoto, au mtu aliye juu ya ngazi, hawezi kukifungua kwa kidole gumba kama visu vya kisasa. Pete ikiingia mchanga inakwaruza na kugoma, na mchanga wa ufukweni huingia kila mahali. Na mtoto au mgeni asiyeijua huisahau, akafungua kisu na kukitumia bila kuizungusha, akidhani kimejifunga. Namba 2 hadi 5 hazina kabisa pete hiyo.

Hapa msomaji atakuwa tayari anaifikiria Okapi, kile kisu kingine cha kukunja, na ana haki. Historia yake iko karibu nasi zaidi. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1902 mjini Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, ikilenga masoko ya makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani 1901, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika kwa mara ya kwanza mnyama okapi wa misitu ya Kongo, aliyekuwa habari ya mji. Tangu 1988 visu hivyo vinatengenezwa Afrika Kusini. Navyo ni vya bei ndogo, bapa ni la kaboni, mpini ni mrefu, umepinda kidogo, na kwenye aina inayojulikana zaidi umepambwa kwa nyota na mwezi wa chuma. Kifungo chake ni cha meno: unapofungua, springi ya mgongoni inadunda jino kwa jino kwa mlio ambao ukisikika usiku kituo cha basi watu hugeuka. Kukifunga unavuta kijipete kilicho mgongoni.

Kama mashine ya kufunga bapa, naikubali Okapi. Haijali masika, haitegemei mti. Lakini imelipa uhuru huo kwa springi, meno na kijipete, na kwa kuwa bei ni ileile ndogo, fedha ilibidi zitoke mahali fulani. Zilitoka kwenye umaliziaji. Nyingi nilizozishika zina bapa linalocheza kushoto na kulia, na makali yaliyosagwa kwa haraka. Kijipete kinanasa uzi wa mfuko. Tena kuna mzigo ambao fundi hakuuweka: katika miji mingi ya Afrika jina lake limechafuliwa na vibaka, hata mkulima mwenye haki ya kumenyea muwa wake anatazamwa vibaya akikitoa. Opinel ina sura ya chombo cha chakula. Ukikitoa kwenye basi la Dodoma kumenyea tango, jirani anasogeza mkono kupokea kipande.

Yapo mambo ambayo hakiwezi, na ni vizuri kuyasema waziwazi. Usikitumie kubandulia kifuniko cha kopo la rangi. Ncha yake itavunjika. Dafu usiliguse, hiyo ni kazi ya panga. Nyama choma inakatika vizuri, lakini mafuta na nyuzi za nyama huteremka ndani ya mfereji, na mfereji huo husafishwa kwa kijiti na uvumilivu, kwa kuwa ribiti haifunguki. Mtu anayeshughulika na samaki kila siku atafute kisu kisichokunjwa chenye mpini usio na ufa. Na anayesafiri akumbuke sheria. Uingereza, kwa mfano, inamruhusu mtu kutembea bila kutoa sababu na kisu cha kukunja ikiwa tu hakijifungi na makali yake hayazidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62, na namba 8 inashindwa masharti yote mawili. Ndege ndiyo usiseme: kinaingia kwenye mzigo wa chini au kinabaki mikononi mwa askari wa uwanja.

Mwaka 1985 Victoria and Albert Museum ya London ilikiingiza katika orodha ya vitu 100 vilivyobuniwa vizuri zaidi duniani. Majirani zake katika orodha ya namna hiyo huwa ni vitu ambavyo wengi wetu tutaviona kwenye picha tu. Hiki anaweza kukinunua kondakta wa daladala akijinyima siku chache, na huo ndio ubunifu ninaouheshimu kuliko ule wa kiti kisichokalika.

Ukikipata dukani, kikague kabla ya kulipa, maana visu vya mti havilingani. Kifungue ukitazame kutoka mkiani: bapa likae katikati ya mfereji, lisiegemee upande. Nyuzi za mti ziende sambamba na mpini. Zikikatiza shingoni karibu na pete, rudisha, hapo ndipo utakapopasuka. Sukuma bapa kushoto na kulia, lisicheze. Kisha zungusha pete mpaka ikaze yenyewe na utazame imesimama wapi. Ikiwa imefika mwisho wa safari yake kisu kikiwa bado kipya, haina pa kwenda kitakapozeeka, kwa hiyo mwombe muuzaji alete kingine.